Mama anasema binti haondoki kwao ila kwa ndoa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nimeajiriwa Posta, Dar es Salaam, na naishi na wazazi Chanika. Naamka saa kumi alfajiri, naunganisha daladala mbili, kurudi ni saa mbili usiku nikiwa hoi, halafu naingia jikoni. Mshahara wangu ni 700,000. Ukitoa NSSF, kodi na mkopo wa chuo nabaki na 483,000. Nimeona nyumba Tabata: chumba, sebule, jiko na choo ndani, 150,000 kwa mwezi. Nilipomgusia mama alilia, akasema binti wa kueleweka haondoki kwao ila kwa ndoa. Baba, ambaye ni mstaafu, kanyamaza. Nyumbani LUKU, gesi, mchele na tuisheni ya mdogo wangu wa kidato cha tatu ni juu yangu, kama 200,000 kila mwezi. Kaka yangu ana miaka 31, yupo nyumbani, bado anajitafuta. Nihame? Na nimwambie mama kabla sijalipa kodi, au nikishalipa? – Binti wa Chanika*

Marahaba mwanangu.

Nianze na kaka yako, maana umemtaja ukampita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Ana miaka 31, anakula, analala, na hakuna anayemuuliza atahama lini. Wewe mwenye 27, unayewasha taa za nyumba nzima, ukigusia tu kuondoka, kilio. Kama shida ingekuwa mila peke yake, wa kwanza kusemwa angekuwa yeye, kwa sababu mila zetu hizo hizo zinamtaka kijana wa kiume awe na geto lake siku nyingi.

Simwiti mama yako mwongo. Aibu anaihofia kweli, na maneno ya majirani wa Chanika anayajua kuliko mimi. Lakini chini ya hiyo aibu kuna hofu nyingine ambayo mzazi hawezi kuitamka mbele ya mwanawe: ukiondoka, nani atanunua umeme? Kiinua mgongo cha baba yako kikishaisha, pensheni ya mwezi haijazi sufuria. Wewe ndiye mshahara wa nyumba hiyo. Mama anaona mshahara unafunga mizigo, na kwa sababu kuyasema hayo ni kujidhalilisha, anayasema kwa jina la ndoa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, hama. Sheria ilishakuhesabu mtu mzima ulipotimiza miaka 18, ila najua hukuniandikia habari za sheria. Nakwambia uhame kwa sababu mtu anayeamka saa kumi na kurudi saa mbili, kisha akashika mwiko, ataugua. Ila usihame mwezi huu, na usihame na hesabu uliyonayo.

Hesabu yako haisimami. Ukitoa kodi ya 150,000 unabaki na 333,000. Toa chakula, nauli, umeme, maji, hela ya taka na ya mlinzi. Sioni vipi utatumia chini ya 200,000. Inabaki 133,000, na nyumbani wamezoea 200,000. Mwezi wa pili tu utakuwa unakopa kwenye simu. Halafu kuna kuingia kwenyewe. Mwenye nyumba akitaka miezi sita, kama wengi wanavyotaka, hiyo ni 900,000, na dalali naye atadai kodi ya mwezi mmoja. Ni 1,050,000 kabla hujanunua godoro wala pazia. Na huyo dalali akikutoza hela ya kukuonyesha nyumba ambayo ina mtu tayari, usishangae, ndiyo kazi yake.

Tafuta mwenzako. Kazini hapakosekani binti mwingine anayeteswa na foleni ya asubuhi. Mmoja achukue chumba, mwingine sebule, mgawane kila kitu nusu kwa nusu. Kodi yako inakuwa 75,000, na ya kuingilia 525,000. Zaidi ya hapo, mama yako atalala usingizi akijua huko hukai peke yako. Binti anayekaa na binti mwenzake hasemwi kama anayekaa peke yake. Si haki, lakini ndivyo mitaa yetu ilivyo, na wewe unatafuta amani, hutafuti kesi.

Sasa sikiliza jambo ninalotaka ulifanye kabla hujarudi kuangalia nyumba yoyote. Punguza mchango wako wa nyumbani ukiwa bado unalala humo humo. Kaa na baba na mama, kaka naye awepo, sema: kuanzia mwezi ujao mimi ni LUKU, gesi na tuisheni ya mdogo wangu, itakuwa laki moja, nitaitoa siku ya mshahara bila kukumbushwa. Mchele mtaupanga wenyewe. Kisha unyamaze. Usimtaje kaka kwa jina. Mchele wenyewe utamtafuta. Wiki mbili za kwanza patakuwa na minuno na mboga zitapungua. Vumilia, usikimbilie dukani na mfuko wa kilo tano, maana ukifanya hivyo mara moja umerudi ulikotoka.

Wengi hukosea hapa. Wanahama na kupunguza matumizi ya nyumbani siku hiyo hiyo, na wazazi wanaona mtoto amewatupa. Wewe tenganisha mambo hayo mawili. Nyumba ikishazoea laki moja ukiwa unaonekana sebuleni kila jioni, siku ukihama hakuna kitakachopungua mezani. Na ile laki nyingine iweke pamoja na akiba yako, hata ukiingia kwenye mchezo na wenzako wa ofisini ni sawa, ili mradi kijumbe ni mtu unayemjua.

Hela ikitimia, nenda kwa shangazi yako. Siyo mimi wa kwenye safu, yule wa damu, dada yake baba. Kama hayupo, mama mkubwa. Mtu mzima ndiye awatangulie wazazi wako na habari hii, na aipeleke kwa sura ya safari za kazini: mtoto anatoka usiku anarudi usiku, njiani kuna vibaka, amepata mwenzake wa kukaa naye Tabata, karibu na kazi. Hiyo ni kweli tupu, na inampa mama maneno ya kumjibu jirani. Mama asiyekuwa na la kumjibu jirani hatakubali hata umpe hesabu nzuri namna gani.

Kuhusu nyumba yenyewe nina mawili tu. Uliza mita ya LUKU ni ya wapangaji wangapi. Nyumba ya wapangaji wanne kwenye mita moja, mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi za watu, ugomvi wake hauishi, na wewe mwenye feni moja utachangia sawa na wote. Na usimkabidhi dalali kodi ya mwenye nyumba. Onana na mwenyewe, mkataba uandikwe, risiti uishike, kisha mkajitambulishe serikali ya mtaa.

Sasa lile swali lako la mwisho. Mwambie mama kabla hujalipa. Ukilipa kwanza ndipo umwambie, utakuwa umempa taarifa tu, na kilio chake safari hii kitakuwa na haki. Ukishalimaliza hilo, Jumamosi moja mpeleke Tabata akaione nyumba kwa macho yake, yeye na mama wa mwenzako kama inawezekana. Atakagua choo, atakagua mlango, atauliza jirani ni watu gani, atalalamika jiko ni dogo. Mwache alalamike. Akisema kitasa hakifai, nunua kitasa kingine siku hiyo hiyo akiwa anaona, funguo moja mpe yeye.