Kobe asingemwokoa Crassus

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa igizo la wanafunzi kuhusu vita vya Carrhae, Warumi dhidi ya Waparthi wa Uajemi, mwaka 53 KK. Kwenye video Warumi wanajifunika ngao mbele, ubavuni na juu kama kobe, mishale haiwapati. Kwa nini jemadari wao Crassus hakufanya hivyo?

JIBU: Marahaba. Kubanana walibanana, na ndiko kulikowaponza. Mwanahistoria Cassius Dio anaueleza mtego wenyewe: Warumi wakikaza ngao kukwepa mishale, wapanda farasi wa Waparthi wanawavamia na mikuki mirefu, wakitawanyika, mishale inawamaliza. Na Surena, jemadari wa Waparthi, alikuwa na ngamia waliosheheni mishale ya akiba, kwa hiyo kungoja iishe ilikuwa kazi bure.

Hizo video zinanichosha. Mtu anachukua kipande cha picha zilizochongwa kwenye Nguzo ya Trajan kule Roma, anakikuza, anatangaza "siri ya ushindi wa Warumi". Angetazama pembeni kidogo angeona ukuta. Wale askari wanashambulia ngome ya Wadakia! Hapo ndipo kobe alipofaa hasa, kusogelea ukuta huku mawe yakidondoshwa kutoka juu. Tena hakuwa salama: Cremona, mji wa Italia, mwaka 69 BK, walinzi walipoona mawe hayatoshi walisukuma mtambo mzima wa kurushia mawe ukawaangukia walio chini. Uliwaponda, lakini ukaondoka na sehemu ya juu ya ukuta wao wenyewe.

Uwanjani askari alihitaji nafasi. Mwanahistoria Polybius anataja futi 3 kati yake na mwenzake: arushe mkuki, achomoe upanga mfupi, amsukume adui kwa kitovu cha chuma cha ngao. Akishabanwa bega kwa bega, mkono wa upanga ataupitisha wapi? Kwa hiyo waambie wanafunzi wako ngao hushikwa kwa mpini mmoja nyuma ya kile kitovu, haivaliwi mkononi kama bangili.

Na yeyote anayekuuzia ushindi wa jeshi zima kwa ujanja mmoja, mwogope. Shaka, mfalme wa Wazulu, naye wamemfanyia hivyohivyo, eti kila kitu ni mkuki mfupi. Warumi walikuwa na safu zilizopokezana, mishahara, ngano iliyowafuata njiani, na kambi yenye handaki waliyoichimba jioni hata kama wametembea kutwa. Video isiyogusa hata kimoja kati ya hivyo, ipite tu.