Wanamtaka daktari au wanataka sahihi yake?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni daktari mdogo tu, mwaka wa tatu huu toka nimalize intani. Nimepata ofa kliniki moja ya binafsi, mshahara karibu mara mbili ya ninaopata sasa, nilivyoona ile namba nilifurahi ila kuna vitu vinanikwaza. Kuna bonasi kila mwezi kutokana na vipimo nitakavyoagiza na wagonjwa nitakaowalaza, wao wanaiita "tija". Halafu jina langu litaandikwa kama mganga mfawidhi wa tawi lao lingine, nilivyouliza nitakuwa naenda lini wakacheka wakasema we usijali ni makaratasi tu. Wanataka nisaini Ijumaa hii. Mama anasema nisipige teke riziki, na rafiki yangu tuliyesoma nae anasema kila mtu anafanya hivyo. Je hii kazi ni safi au najitafutia matatizo?
– Daktari mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hayo makaratasi maana we umeyaweka mwishoni kama jambo dogo na mi nimeona ndo kubwa kuliko yote. Mganga mfawidhi ni mtu anayejibu. Dawa ikikosewa pale tawini usiku, mtungi wa oksijeni ukikutwa mtupu, mtu asiye na leseni akishona jeraha, anayeitwa ni yule ambaye jina lake limeandikwa, na jina ni lako, na we hata friji ya chanjo ya pale hujawahi kuiona. Sasa jiulize, kama tawi lina daktari wake kwa nini wasiandike jina lake? Jibu mara nyingi ni kwamba hayupo. Kwa iyo hapo hawakuajiri, wanakodi leseni yako, na mgonjwa wa pale ndo anayedanganywa maana ameingia akijua kuna daktari anayesimamia.

Hilo halina mjadala kwangu. Ama unaenda kweli siku zinazojulikana, unakagua, na una mamlaka ya kusema huduma hii isimame mpaka itengenezwe, ama jina lako litoke.

Bonasi sasa. Sisemi kila malipo ya ziada ni dhambi, na wala hakuna mfumo wa malipo usio na kishawishi chake. Ukilipwa kwa idadi ya wagonjwa utatamani kuwaharakisha, ukilipwa mshahara wa moja kwa moja utatamani kuzembea, na ukipewa fungu moja la hela kwa kila mtu unayemhudumia kwa mwaka utatamani kumnyima vipimo. Ila bonasi ya vipimo na ya kulaza ni kitu kingine maana inanunua uamuzi wenyewe. Fikiria ni tarehe 28, umebakiza skani tatu ufikie lengo, anaingia mtu kichwa kinamuuma, umemchunguza hana dalili yoyote ya hatari. Hutasema moyoni ngoja nimwibie huyu, hapana, utaanza kuziona dalili. Utakumbuka yule mgonjwa mmoja wa zamani aliyekutwa na uvimbe, utajiambia bora uhakika, na utaamini kabisa kwamba unamsaidia. Nae ataondoka na bili, na mionzi ambayo hakuihitaji, na pengine kadoa fulani kasiko na maana ambako katamletea vipimo vingine vitatu. Anayelazwa bila sababu nae anaweza kuokota maambukizi wodini ambayo nyumbani asingeyapata.

Naongea hivi kwa sababu niliwahi kufanya kazi sehemu (jina silitaji) ambako kila Jumatatu wanabandika karatasi ya majina, nani kaagiza vipimo vingi wiki iliyopita. Wiki moja nilikuwa wa pili na nilifurahi. Hiyo furaha ndo inanisumbua mpaka leo, kuliko hata hela.

Wala usidhani ni mawazo ya wazee tu. Chama cha Madaktari Duniani kiliandika kanuni zake za maadili mwaka 1949, na kati ya mambo kiliyoyahesabu kuwa kinyume cha maadili ni daktari kupokea hela nje ya ada yake halali kwa huduma aliyompa mgonjwa, na kujiunga na mpango wa tiba ambao daktari hana uhuru wa kitaaluma. Marekani walifika mbali zaidi, mwaka 1972 walifanya kupokea hongo ya rufaa kwa wagonjwa wa mipango ya serikali kuwa kosa la jinai, halafu 1989 wakapitisha sheria ya kuzuia daktari kupeleka wagonjwa wa bima ya wazee kwenye maabara ambayo ana maslahi nayo kifedha. Hawakufanya hivyo kwa sababu madaktari wote ni wezi, ni kwa sababu hata mwema akiwekewa hela upande mmoja wa mizani mkono unainama.

Kuna jaribio moja natumia. Simama mbele ya kioo useme kwa sauti: mama, nakupeleka skani, na ukienda mimi napata kitu. Kama unaweza kumwambia hivyo mgonjwa mwenyewe na akabaki anakuamini, sawa. Kama ulimi umekwama unajua kwa nini umekwama.

Kabla ya Ijumaa fanya hivi. Omba mkataba wote, ukasome nyumbani, na hiyo "tija" iandikwe wazi inahesabiwaje, maana kinachosemwa mdomoni kitakanushwa mdomoni. Angalia kama kuna kipengele cha kukukataza kupeleka malalamiko kwenye baraza linalokupa leseni, ukikiona hicho funga faili. Mtafute daktari aliyekuwepo kabla yako, na kama walipita watatu ndani ya muda mfupi watafute wote. Na usiwasahau manesi na keshia, hasa keshia, yule anajua mgonjwa wa dharura akija bila hela kunatokea nini. Halafu muulize bosi swali moja tu: nikisema mgonjwa huyu hana haja ya kulazwa, kuna mtu atanipigia simu? Usisikilize jibu peke yake, mwangalie na uso.

Ukimaliza warudishie ofa na yako: mshahara bila bonasi ya vipimo, hata ukipungua kidogo, na jina litoke kwenye lile tawi. Kama kweli wanamtaka daktari mtazungumza. Wakikwambia basi tuna wengine kumi wanasubiri, ujue walichokuwa wanakitaka ni sahihi yako tu.

Mama yako ana haki, riziki ni riziki na mshahara mkubwa sio dalili ya ubaya, kuna sehemu zinalipa vizuri na ni safi kabisa. Mwambie tu ajue kwamba leseni ikifutwa hata hiyo kazi ndogo uliyonayo inaondoka. Rafiki yako nae, siku ukiitwa barazani hatakaa kiti cha pembeni yako.

SWALI: Daktari, nimepewa nafasi ya kutibu wafungwa gerezani. Wenzangu wananicheka eti nitakuwa askari. Niende?

JIBU: Nenda, wafungwa wanaumwa kama wengine na wanahitaji mtu makini. Ila uliza nani anashika mafaili ya wagonjwa na nani ana neno la mwisho kwenye tiba. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015 kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, zinasema uamuzi wa kitabibu ni wa wahudumu wa afya na askari hawawezi kuupindua, na kwamba mhudumu wa afya hashiriki katika kutoa adhabu. Azimio la Tokyo la Chama cha Madaktari Duniani la mwaka 1975 linakataza kushiriki mateso kwa namna yoyote, na linasema mfungwa mwenye akili timamu aliyegoma kula asilishwe kwa nguvu. Zichapishe zote mbili uende nazo kwenye usaili, umwombe mkuu wa gereza azisome mbele yako. Akisema hizo ni za nchi nyingine, rudi nyumbani.