Barafu ni ileile, mbona huku vidimbwi na kule bapa?

Swali: Nimekuwa nikitazama picha za setilaiti za jimbo la North Dakota, Marekani. Katikati ya jimbo naona maelfu ya vidimbwi, vingi vikiwa havina mto unaoingia wala unaotoka. Nikisogea mashariki, mpakani na Minnesota, vidimbwi vinakwisha na ardhi inakuwa bapa kabisa. Nimesoma kwamba sehemu zote mbili zilifunikwa na barafu ya kale. Kama barafu ndiyo iliyoipiga pasi nchi hiyo, mbona haikuipiga pasi yote?

Jibu: Ndugu msomaji, hiyo pasi ndiyo inayokupoteza. Ni kweli kwamba tabaka la barafu la Laurentide, yaani barafu ya kale iliyofunika sehemu kubwa ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, lililofikia upeo wake yapata miaka 21,000 iliyopita, lilikuwa zito ajabu. Kuelekea Ghuba ya Hudson, huko kaskazini nchini Kanada, unene wake ulifika kilomita 3 hivi. Lakini Dakota ilikuwa ukingoni, na huko barafu ilikuwa nyembamba zaidi, ikiteleza juu ya udongo laini uliolowa maji. Maumbo unayoyaona hayakutokana sana na uzito wake bali na namna ilivyokufa, na katika sehemu hizo mbili ilikufa vifo tofauti.

Nianze na vidimbwi. Eneo hilo linaitwa Missouri Coteau, nchi iliyoinuka inayokatiza jimbo kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki. Barafu ilipofika chini ya mwinuko huo ililazimika kupanda. Barafu inayopanda hubanwa, vipande vyake hupandiana, na takataka zilizokuwa chini, yaani udongo, changarawe na mawe, husukumwa hadi juu. Joto lilipozidi, sehemu hiyo ilitengana na barafu iliyokuwa bado inasogea, ikabaki imekaa palepale, imefukiwa.

Barafu iliyo wazi huyeyuka upesi, ila iliyofunikwa na mita kadhaa za udongo hukawia sana. Sehemu za Coteau zilibaki na barafu ardhini kwa maelfu ya miaka, huku juu yake kukiwa na maziwa na miti ya jamii ya misonobari. Na haikuyeyuka sawasawa. Palipokuwa na udongo mwembamba palibonyea kwanza. Matope yakaporomoka kutoka pembeni yakalijaza shimo. Sasa shimo hilo ndilo lililokuwa na udongo mwingi kuliko majirani zake, ambao walikuwa wamebaki barafu tupu, kwa hiyo nao wakayeyuka na kushuka. Shimo la mwanzo likageuka kilima, na kilima cha mwanzo kikawa shimo. Mchezo huo ulirudiwa mara nyingi hadi barafu yote ikaisha. Ndiyo maana vilima vya huko havina mpangilio wowote unaoeleweka ukivitazama kutoka juu.

Maji nayo hayana pa kwenda. Udongo ulioachwa na barafu una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo hupitisha maji polepole mno. Halafu nchi yenyewe ni kavu: theluji ikiyeyuka majira ya kuchipua vidimbwi hujaa, kisha jua na upepo huvipunguza kabla havijafurika na kujichimbia njia. Vingine, hasa vile vinavyopokea maji ya chini ya ardhi, vimejikusanyia chumvi hadi ufuo ukawa mweupe. Nchi ya vidimbwi vya namna hii inaanzia Alberta, Kanada, hadi Iowa. Ukivikosa Iowa usishangae, wakulima wa huko walilaza mabomba chini ya mashamba yao wakavikausha karibu vyote.

Sasa mashariki, kwenye bonde la mto Red. Hapo barafu haikufukiwa; ilirudi nyuma kuelekea kaskazini. Tatizo ni kwamba ardhi ya huko pia huteremkia kaskazini. Barafu ikawa ukuta, maji yakakosa njia ya kwenda Ghuba ya Hudson, na likatokea ziwa kubwa kuliko ziwa lolote la leo la Amerika Kaskazini. Ziwa hilo limepewa jina la Louis Agassiz, mwanasayansi wa Uswisi aliyetetea nadharia ya enzi ya barafu mwaka 1840. Kwa muda mrefu tope laini lilituama chini yake likaziba kila bonde na kila shimo. Kwa hiyo ubapa unaouona ni sakafu ya ziwa.

Mteremko wa bonde hilo haufiki sentimita 30 kwa kila kilomita, na wakazi wanaulipia. Mto Red unakwenda kaskazini, theluji ya kusini huyeyuka mapema, na maji yakifika mbele hukuta mto bado umeganda. Aprili 1997 mji wa Grand Forks ulizama kwa mafuriko ya namna hiyo.

Ukisimama kwenye ukingo wa barabara iliyochimbwa, tofauti ya vifo hivyo viwili inaonekana kwa macho. Kule Coteau utakuta mfinyanzi, kokoto na mawe makubwa vimechanganyika ovyo. Chomoa kokoto moja, ifute matope: mara nyingi ina upande mmoja uliosagwa bapa wenye mikwaruzo iliyonyooka. Na ikiwa ni ya graniti, imetoka Kanada, maana miamba ya asili ya hapo ni mashapo laini. Bondeni utaona tope laini tu, na unaweza kuchimba shimo refu usipate jiwe.

Uzito uliokuwa unautafuta upo, ila si katika ubapa. Tazama kingo za bonde: kuna matuta marefu ya mchanga, fukwe za ziwa Agassiz. Yalipotengenezwa yalikuwa usawa mmoja, kama ufuo wowote. Leo kila tuta hupanda kadiri unavyokwenda kaskazini, kwa sababu kule barafu ilikuwa nene zaidi, iliididimiza ardhi zaidi, na ilipoondoka ardhi ikainuka zaidi. Karibu na Ghuba ya Hudson bado inainuka, takriban sentimita 1 kwa mwaka.

Picha zako ukizisogeza hadi kona ya kusini-magharibi ya jimbo, utaona nchi iliyochanwachanwa na makorongo. Huko barafu haikufika, lakini mkono wake upo: mto Little Missouri zamani ulikwenda kaskazini, barafu ikaufungia njia ukageukia mashariki, kwenye mteremko mkali zaidi, na tangu hapo umekuwa ukichimba.