Kabla hujapanda mbegu ya muhogo uliyopewa, kata muhogo wa shina lake uangalie ndani

Mnunuzi alishuka kwenye kirikuu akaomba nimng'olee shina moja alione. Nikamng'olea lililonona kuliko yote, lile la karibu na mwembe. Mihogo sita, minene, ganda halina hata kovu. Akatoa kisu, akaukata mmoja katikati. Ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gamba la mti lililozama kwenye nyama nyeupe. Akakata wa pili, vilevile. Wa tatu ulikuwa mzima upande mmoja, upande wa pili umeshakufa. Akafuta kisu kwenye suruali, akaniambia kwa upole, "Mama, huu nikiupeleka mjini nitarudishiwa. Hebu tujaribu shina jingine."

Tulijaribu mashina kumi na mawili. Aliondoka na magunia mawili kutoka shamba la ekari moja na nusu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba juu shamba lilikuwa limependeza. Majani ya kijani, mashina marefu kuliko mimi. Miezi kumi na moja nimepalilia, nimejinyima, nimehesabu pesa ya ada kichwani, kumbe chini ya udongo mambo yalishaharibika zamani. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu ugonjwa huu, nimewasumbua mabwana shamba kwa maswali, na kwa misimu kadhaa sasa navuna muhogo mweupe. Naandika haya kwa sababu kila vuli ikianza naona bodaboda zinapita na mizigo ya mashina ya muhogo iliyofungwa kamba, na roho inanidunda.

Ugonjwa wenyewe unaitwa michirizi ya kahawia. Usiuchanganye na batobato. Batobato unaiona kwa mbali: majani ya juu yanajikunja, yanakuwa madogo, yana madoa ya kijani na njano, mmea unadumaa. Michirizi ni ugonjwa wa kujificha. Nao si mgeni kwetu. Mtaalamu H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, Tanga. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, lakini ugonjwa huu haukuja nao. Ulikutana nao hukuhuku Afrika Mashariki.

Ugonjwa huu unaletwa na kirusi. Nataka nieleze jinsi kirusi hiki kinavyoingia kwenye mmea, kwa sababu mimi nilipoelewa hapo ndipo nilipoacha kupoteza pesa.

Kirusi hiki ni uzi wa RNA, yaani kemikali inayobeba maelezo ya urithi, maelezo yenye herufi kama 9,000, uliovikwa koti la protini. Hakili, hakipumui, na hakiwezi kuzaa peke yake. Kinahitaji seli hai ikifanyie kazi zote. Lakini seli ya mmea ina ukuta mgumu. Kirusi cha mafua kinapokuja kwa binadamu kinakuta ngozi laini ya seli, kinashika mahali, seli inakimeza. Kwenye muhogo hakuna mlango wa namna hiyo. Lazima kitu kitoboe. Anayetoboa ni nzi mweupe, yule mdudu mdogo anayekaa chini ya majani, ukitikisa tawi wanaruka kama unga. Mdomo wake ni sindano. Anaudunga hadi kwenye mishipa inayopitisha chakula cha mmea, na kirusi kinapita hapo.

Kikishakuwa ndani kinavua koti. Sasa sikiliza hila yake. Ndani ya seli kuna viwanda vidogo vinavyosoma ujumbe na kutengeneza protini. Ujumbe halali wa mmea huwa na alama mbele, mfano wa kofia, na seli ina protini maalumu za kuishika kofia hiyo na kuuingiza ujumbe kiwandani. Uzi wa kirusi hauna kofia. Badala yake una protini yake yenyewe iliyobandikwa kichwani, na hiyo inashikwa na zile protini za mmea kana kwamba ni kofia ya kweli. Kiwanda kinaanza kusoma. Kinatengeneza protini moja ndefu sana, kisha inakatwa vipande kumi, kila kimoja na kazi yake: kunakili uzi, kutengeneza koti jipya, na kuzima ulinzi.

Ndiyo, mmea una ulinzi. Ukigundua RNA ya ajabu ndani ya seli, unaikatakata. Kirusi hiki kina protini inayovuruga kazi hiyo ya kukata. Halafu nakala mpya zinapenya seli hadi seli kupitia vinjia vidogo vilivyo kwenye kuta, zikifika kwenye mishipa ya chakula zinateremka na utomvu mpaka kwenye mihogo. Chakula mmea unachokishusha chini ili uhifadhi, kirusi kinasafiri nacho.

Mwaka ule mimi nilipiga dawa ya wadudu mara tatu. Nilikopa ili ninunue. Dawa ile ingeweza kumuua nzi, lakini kirusi kilishakuwa ndani ya mashina tangu siku niliyochomeka pingili ardhini. Hakuna dawa ya kupulizia inayokitoa kirusi ndani ya mmea shambani. Mtu akikuuzia dawa kwa ahadi hiyo, rudi nyumbani na pesa yako.

Kuna jambo jingine watafiti wameligundua kuhusu nzi huyu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kirusi cha batobato kinaingia mwilini mwa nzi, kinazunguka, kinarudi kwenye mate, naye anaweza kuambukiza kwa siku nyingi. Kirusi cha michirizi hakikai hivyo. Nzi anakibeba kwa muda mfupi, siku moja au mbili, kisha anakipoteza. Kwa hiyo anaambukiza shina kwa shina, mstari kwa mstari, pengine shamba la jirani. Hawezi kukivusha wilaya. Anayekivusha wilaya, mkoa na hata mpaka wa nchi ni mtu aliyebeba mzigo wa mashina. Mwaka 1945 ugonjwa ulionekana Uganda kwenye mbegu zilizopelekwa kutoka Tanganyika, wakaziteketeza. Kwa miaka mingi ukabaki ni ugonjwa wa pwani na sehemu za chini. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda tena, na safari hiyo haukuzimika. Ukaenea ukanda wa Ziwa Victoria, ukafika Rwanda, Burundi na Kongo.

Mbegu zangu nilipewa na mjomba. Bure, kwa moyo mweupe, mzigo umefungwa kwa kamba ya mkonge. Nilimuuliza, "Mjomba, mihogo hii ni mizima?" Akaniambia, "Mwanangu, shamba hili limenilea mimi na watoto wangu. Chukua." Nani atasema hapana hapo? Kwetu mbegu ya muhogo hainunuliwi. Ukiona mtu analima muhogo, unaomba, unapewa, na mwakani wewe unampa mwingine. Ni desturi nzuri, na sitaki ife. Lakini kila pingili iliyokatwa kwenye shina lenye kirusi inaweza kuota ikiwa nacho tayari, haihitaji nzi wala nini.

Baada ya mavuno yale nilikwenda kwake. Nikamsalimia, nikamwekea muhogo uliokatwa miguuni. Akauangalia kwa muda mrefu. Akasema huo uozo anaujua, anauona kwake kila mwaka, unamega hapa unatupa, na yeye siku zote alijua ni ardhi imechoka au mvua imezidi. Hakuna aliyewahi kumwambia ni ugonjwa. Mjomba wangu ni mkulima hodari kuliko mimi. Kama yeye hakujua, basi wasiojua ni wengi.

Basi, ukipewa mbegu, pokea kwa shukrani, kisha omba kwenda kuliona shamba ilikotoka. Afadhali uende mapema, muhogo ukiwa na miezi sita hivi, majani bado yapo. Usitazame majani ya juu, hayo yatakudanganya. Inama. Tazama majani ya chini yaliyokomaa: kwenye ugonjwa huu njano inafuata vishipa vidogo vya jani na kutawanyika pembeni yake, jani halijikunji wala halipungui ukubwa. Watu wengi wanadhani ni jani linazeeka tu. Kisha angalia shina pale lilipo bado la kijani, kama lina mistari au vidonda vya kahawia. Shina lisilo na dalili yoyote lifunge kitambaa. Mimi hutumia vipande vya kanga chakavu.

Siku ya kukata mbegu, rudi kwenye yale yenye kitambaa tu, uyang'oe, na ukate kila muhogo sehemu tatu au nne. Si katikati tu, kwa sababu mabaka yanaweza kuwa kwenye ncha peke yake. Muhogo mmoja ukiwa na baka, shina zima liache, hata kama mitano mingine ni mieupe kama nazi. Hapa ndipo watu hunishangaa. Wanasema ni hasara kuacha shina nene kwa sababu ya doa dogo. Kumbuka kirusi kimepita kwenye shina hilohilo kufika kule chini. Na mihogo uliyoikata haiharibiki bure, ule mweupe unapikwa siku hiyohiyo. Kirusi hiki hakimdhuru binadamu.

Hata hivyo, kuona kwa macho yako si uhakika kamili, nami sitaki kukudanganya. Kuna aina zinazovumilia, kama Kiroba ambayo sisi wa Pwani tunaipenda. Kuvumilia maana yake kirusi kinaweza kuwamo, lakini mmea hauumii sana na mihogo inaliwa. Hiyo ni neema kwa anayevuna. Kwa jirani mwenye aina dhaifu kama Albert, shamba hilo linaweza kuwa chemchemi ya ugonjwa pasipo mtu kujua. Ndiyo maana kila inapowezekana nashauri uanze na mbegu iliyosafishwa na kukaguliwa. Vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, kama Kibaha na Naliendele vinashughulika na muhogo, na kuna wakulima wanaozalisha mbegu za muhogo kwa kukaguliwa na TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Muulize bwana shamba wako aliye karibu ni nani. Mimi nilinunua mzigo mdogo tu, nikaupanda mbali na muhogo wa zamani, nikauzidisha mwenyewe. Kila baada ya wiki mbili, miezi mitatu ya kwanza, napita mstari kwa mstari. Shina lenye dalili nang'oa palepale na kulianika juani hadi likauke kabisa. Mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito. Siku hizi sifikirii mara mbili. Na sikawizi kuvuna: mihogo ikifika miezi tisa naanza kung'oa, maana kadiri inavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi.

Huko kwenye maabara kazi inaendelea, na kuna ninayoyafuatilia kwa hamu. Zile protini za mmea zinazodanganywa na kofia bandia, watafiti wamejaribu kuzihariri mbili kwenye vinasaba vya muhogo, na dalili kwenye mihogo zikapungua, ingawa hazikuisha. Ujerumani wamepima muhogo ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini na kukuta aina chache ambazo kirusi hiki kinashindwa kabisa kuziingia. Hilo lilinishangaza, kwamba mmea ambao asili yake haikuwahi kukutana na kirusi hiki ndio una kinga. Kenya, mwaka 2021, mamlaka yao ya usalama wa teknolojia hai iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba, wenye kipande cha maelezo ya kirusi chenyewe ili ulinzi wa mmea ukitambue mapema na kukikata. Nyumbani tumerithi kazi ya Amani: walichanganya muhogo na ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira, na moja ya aina zilizotokana na uchanganyaji ule, Namikonga, bado inalimwa kusini na bado wazalishaji wa mbegu wanaitumia. Na mwanasayansi wetu Joseph Ndunguru na wenzake walipeleka mashine ya kusoma vinasaba hadi shambani, ya ukubwa wa kutosha mkononi, mkulima akaweza kuambiwa siku hiyohiyo ni kirusi gani kiko kwenye muhogo wake. Natamani ingekuwepo kila kata.

Bado haipo. Kipo kisu.

Mwezi uliopita jirani yangu alikuja asubuhi. "Hodi dada. Nimeona muhogo wako, naomba mbegu ya robo eka tu." Nikamkaribisha, nikachukua jembe, tukaenda kwenye mashina yenye vitambaa. Tukang'oa la kwanza, yeye akashika, mimi nikakata. Jeupe. La pili jeupe. La tatu, muhogo wa mwisho, karibu na ncha, kulikuwa na alama ya kahawia isiyozidi punje ya maharage. Tulinyamaza wote wawili. Lile shina lilikuwa limefungwa kitambaa na mimi mwenyewe.

Akaniuliza, "Sasa tunafanyaje?" Nikafungua kitambaa, nikalitupa shina juani, tukasogea kwenye la nne.