Rekodi ya laivu ya Queen ya kuanza nayo: mimi nasema Montreal 1981

Mleta mada anauliza aanze na rekodi ipi ya laivu ya Queen, bendi ya rock ya Uingereza, maana albamu zao za studio keshazimaliza. Naona karibu wote waliotangulia wamemjibu Wembley 1986, ile shoo ya uwanjani London. Sishangai, ndiyo maarufu kuliko zote. Lakini naomba nipinge, na nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi Queen niliwajua kwa kaseti. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Muscat na kaseti ya dakika 90 aliyorekodiwa na rafiki yake, imeandikwa kwa kalamu "Live Killers", basi. Albamu yenyewe ni ya sahani mbili, ilitoka 1979, na shoo zake zilirekodiwa Ulaya kati ya Januari na Machi mwaka huohuo. Inafungua na "We Will Rock You", lakini si ile ya kupiga miguu na makofi inayopigwa viwanja vya mpira. Hii inakimbia, gitaa linachana tangu mwanzo. Nilidhani redio ya mjomba inakimbiza mkanda. Nikaufungua mlango wa kaseti, nikafuta kichwa cha kusomea mkanda kwa pamba na spiriti, nikarudisha. Bado inakimbia.

Kwa hiyo Live Killers ina nafasi yake moyoni, ila simpi mtu aanze nayo. Sauti yake ni kavu, na wenyewe hawakuridhika na jinsi ilivyochanganywa. Jambo moja tu nalitetea. Kipande cha katikati cha "Bohemian Rhapsody", kile cha opera, kilitengenezwa studio kwa kurundika sauti juu ya sauti. Jukwaani wanaume wanne hawakiwezi. Walichofanya ni kuondoka, taa zikabaki zinacheza, mkanda ukapigwa, halafu wakarudi kwa kishindo gitaa linapoingia. Kuna wanaosema huko ni kudanganya watu. Mimi naona angedanganya ambaye angebaki pale akichezesha midomo.

Sasa Montreal, Canada. Shoo zilikuwa mbili, tarehe 24 na 25 Novemba 1981, ndani ya Forum, ukumbi wa mpira wa magongo wa barafuni, na ziliandaliwa makusudi zipigwe filamu. Rekodi tuliyonayo imeunganishwa kutoka siku zote mbili. Toleo zuri ni la 2007, Queen Rock Montreal. Yale ya zamani ya video yapuuze.

Kwa nini hii? Kwa sababu ni wanne tu. Kuanzia ziara ya 1982 walikuwa wakipanda na mpiga kinanda wa pembeni, na Wembley yupo Spike Edney anayejaza mapengo. Montreal hakuna wa kujaza. Freddie Mercury, mwimbaji wao, akiinuka kwenye piano kwenda kuongea na watu, piano imenyamaza, na hapo ndipo unamsikia John Deacon. Kwenye albamu za studio besi yake unaweza kuipita usiione. Hapa ndiyo nguzo ya nyumba, ukiitoa paa linaanguka.

Chukua "Somebody to Love". Studio ni kwaya nzima, ingawa ni watu watatu walewale wamejirudia mara nyingi. Montreal ni Freddie, Brian May na Roger Taylor, kila mtu na kipaza sauti chake, na zile noti za juu kabisa ni za Roger, huku mikono ikiendelea na ngoma. Siku moja jaribu kuimba huku unatwanga kisamvu ndio utajua. Kuelekea mwisho Freddie anaachia wimbo uende anakotaka, anaimba kama anatafuta kitu kilichopotea chumbani. Sijapata kumsikia vizuri zaidi ya hapo.

Halafu kuna Brian peke yake. Gitaa lile alilitengeneza yeye na baba yake, shingo yake ni mbao ya meko kuukuu, naye hupiga kwa sarafu. Anaurushia mwangwi mstari mmoja, unarudi kwa kuchelewa, anaupigia mwingine juu yake. Vaa spika za masikioni, unasikia akina Brian watatu wakijibizana. (Kwa spika ya simu usijisumbue.)

Tarehe nayo hunigusa. Freddie alifariki 24 Novemba 1991, miaka 10 kamili tangu usiku ule wa kwanza.

Wembley, ile ya 12 Julai 1986, itazame, usiisikilize tu. Raha yake iko machoni: uwanja umefurika, mtu mmoja anauongoza kwa nusu ya stendi ya kipaza sauti. Ila kwa masikio, sauti ya Freddie mwaka ule ilishakuwa nzito na noti nyingi za juu anazishusha. Ukitaka ziara hiyohiyo, mimi napenda zaidi Budapest, wiki mbili baadaye, anavyoimba wimbo wa kienyeji wa Kihungari huku anachungulia maneno aliyoyaandika kiganjani.

Anayependa rock nzito aende kwenye rekodi ya ukumbi wa Rainbow, London, 1974. Vijana, wana haraka, wanapiga kama wanadaiwa kodi. Albamu ya laivu ya Live Magic ya 1986 iache dukani. Nyimbo zimekatwakatwa, hata "Bohemian Rhapsody" imetolewa opera yake. Pilau bila nyama.

Ile kaseti, nilisahau kusema, haikutosha. Ilikatika karibu na mwisho, watu wanashangilia, tak! Miaka mingi baadaye nilinunua CD na kusikia kumbe wanafunga kwa wimbo wa taifa wa Uingereza kwa gitaa. Mpaka leo nikifika pale mkono wangu unaenda wenyewe kugeuza kaseti.