Dawa ya kufukuza maji kwenye kioo cha mbele

Ndugu, umeuliza kama uongeze dawa ya kufukuza maji kwenye kioo cha mbele, kwa kuwa tangu uipake, waipa zinarukaruka na taa za magari yanayokuja usiku zinatawanyika. Nakusihi usiongeze. Dalili hizo mara nyingi hutokana na dawa kupakwa juu ya mafuta ya barabarani au kubaki kwa wingi bila kufutwa, na usiku wa mvua jambo hilo ni la hatari.

Kwanza ondoa tabaka lililopo kwa poda laini ya kung'arishia vioo vya magari, kisha suuza na umwagie maji: kioo kilichotakata hutandaza maji kama utando mmoja, ilhali chenye mafuta huyakusanya kuwa matone. Kikaushe kabisa, uegeshe gari kivulini, upake dawa kidogo kwa kitambaa ukizungusha, na ikishafanya ukungu uifute mpaka kioo kiangaze. Paka upande wa nje tu. Ikiwa gari lina kamera nyuma ya kioo, soma kwanza kitabu chake, kwani baadhi ya watengenezaji hukataza kupaka sehemu hiyo.

Kagua pia mipira ya waipa. Ikiwa imekakamaa au kuchanika, ibadilishe, kwa sababu dawa haichukui nafasi yake. Katika foleni ya mjini hakuna upepo wa kutosha kusukuma matone, hivyo bado utazihitaji waipa.