Nililipia tobogani, mtoto akakaa kwa beseni ya maji

SWALI: Yaya, jambo yako. Niko mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 4, mdogo miaka 2 na miezi 3, tunakaa Katuba hapa Lubumbashi. Siku ya posho mvua ilishinda kunyesha, nikawapeleka mjini kwenye nyumba moja ya kuchezea watoto, ile yenye tobogani ya kutelezea, vipande vya mbao vya kujengea, meza za rangi na beseni kubwa ya maji na vikopo. Kulipa watoto wawili, takisi kwenda, takisi kurudi, ile si franka kidogo. Sasa mkubwa alichanganya rangi zote mpaka karatasi ikawa kahawia tupu, na mdogo alikaa kwa beseni saa nzima anamwaga maji kopo hii kwenda kopo ile, mwenzake alikuwa pembeni hata hakumwangalia, nikimvuta kwa tobogani analia. Mama mkwe anasema nimetupa pesa, watoto wanacheza nje, na huyu mdogo pengine ana shida. Nirudi ao nisirudi?

JIBU: Mama, jambo sana. Rudi, na huyo mdogo umuache kwa beseni yake, juu siku ile yeye ndiye alifanya kazi kuliko wote. Safari hii usikae kwenye kiti na telefoni, chuchumaa karibu naye uangalie mikono tu. Anajaza kopo kubwa, anamimina ndani ya ndogo, maji inafurika, anasimama, anaangalia sakafu, anaanza tena, na ukiwa na subira utafika mahali anainua mkono mbele maji haijamwagika. Hakuna mtu alimfundisha! Amejua mwenyewe kopo gani inaenea ndani ya gani, na mkono upinde namna gani.

Ya kutomwangalia mwenzake isikunyime usingizi. Mmarekani mmoja, Mildred Parten, alichunguza watoto wa chekechea na mwaka 1932 akaandika kwamba wale wadogo wanacheza kando kwa kando, kila mmoja na chake, kucheza pamoja kunakuja na umri. Kitu cha kukupeleka kwa daktari ni kingine: ukimwita jina hageuki, haonyeshi kitu kwa kidole, ao kwa umri huu hajaunga maneno mawili kama "mama maji". Kama anageuka, anaonyesha kwa kidole na anaunga maneno, muache amwage.

Na mkubwa, ile kahawia ni yake, usimuulize "umechora nini", muulize alichanganya nini na nini. Siku ingine muombee rangi mbili tu, manjano na bluu, utasikia kelele kijani ikitokea.

Mama mkwe ana haki upande mmoja. OMS, lile shirika la afya la dunia, ilisema mwaka 2019 mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 anahitaji kujitikisa dakika 180 kila siku, na saa moja ya siku ya posho haiwezi kufika pale, kwa hiyo mvua ikikatika watoke, wakimbize motoka zao za waya. Lakini mbele ya kula chochote, mikono na sabuni, nyumbani na kule pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, mwaka 2009 wakatangaza kwamba kobalti, ile metali ya migodini, ilikuwa juu sana, na watoto walikuwa nayo nyingi kuliko wakubwa. Vumbi inashika vidole, vidole vinaenda mdomoni. Hapo sina mchezo.

Mengine ni madogo: nenda asubui ya siku ya kazi kama unaweza, watu ni kidogo, wavalishe nguo za zamani, beba shoseti na nguo ya kubadilisha. Wakati wa kurudi usimnyakue mtoto kwa beseni, mwambie "kopo tatu za mwisho", mhesabu pamoja, anaelewa tatu kuliko "dakika tano".

Na kama franka imekosa mwezi huo, beseni ya nyumbani na kopo tupu za tomati zisizo na makali zinatosha, lakini usitoke hapo hata kuchungulia bukari kwa moto, juu mtoto mdogo anaweza kuzama ndani ya maji kidogo sana. Mkimaliza mwaga maji mara moja.

SWALI: Yaya, wangu ana miezi 10, kila kitu anatia mdomoni. Naweza kumpeleka? (Papa wa Kamalondo)

JIBU: Papa, unaweza, kama wako na kona ya wadogo iliyozungushwa, wakubwa wasimkanyage. Kamata kile kiduara cha kartoni kinachobaki karatasi ya choo ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba, kitoe mbele yake. Madesu makavu yale wanaweka kwa meza za kuchezea, hapana kabisa, yanaingia mpaka puani. Na akiwa anaharisha bakieni nyumbani, juu yale mamipira ya rangi kila mtoto anayalamba.